Kiwavi wa Matembele: Auawe au Aachwe?

Kila mvua zinapokolea na matuta ya viazi vitamu yakafunikwa na marando, swali moja hurudi mashambani na kwenye bustani za nyuma ya nyumba. Mtu amekwenda kuchuma matembele ya jioni, anainua tawi na kukuta kiwavi mnene kama kidole gumba, mrefu karibu kama kiganja, na mwisho wa mgongo wake imesimama pembe. Jirani mmoja anasema huyo ni kiwavijeshi, dawa ipigwe leo leo. Mwingine anaonya kwamba pembe ile ina sumu, asiguswe. Wa tatu, aliyewahi kuhudhuria mafunzo ya ufugaji nyuki, anasema aachwe, kwani atageuka nondo na nondo ana kazi yake.

Wawili wa kwanza wamekosea. Wa tatu amesema kweli, lakini kweli yake ni nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayomuumiza mwenye shamba. Matembele ni mboga ya kila siku kuanzia Dar es Salaam hadi Lubumbashi. Viazi vyenyewe ni akiba ya chakula: Usukumani hukaushwa vikawa michembe na matobolwa ya kuliwa miezi ya njaa. Uamuzi kuhusu kiwavi huyu basi unagusa chungu cha jioni, mfuko wa mkulima na miti ya matunda ya jirani. Unastahili kufikiriwa kabla bomba la dawa halijabebwa mgongoni.

Sura nne za mdudu mmoja

Jina lake la kisayansi ni Agrius convolvuli. Carl Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, alimpa jina la aina yake mwaka 1758, na vitabu vya zamani vya kilimo humwita Herse convolvuli. Yumo katika familia ya Sphingidae, nondo wenye mwili mnene na mabawa membamba, warukaji hodari wanaoweza kusimama hewani mbele ya ua bila kulikanyaga. Hapa tutamwita nondo wa matembele.

Maisha yake yana sura nne. Ya kwanza ni yai la takriban milimita moja, linalobandikwa moja moja juu ya jani. Ya pili ni kiwavi. Kwa wiki tatu hadi nne hula, hujivua ngozi na kukua mpaka afike sentimita 9 au 10. Wengine ni wa kijani wenye mistari ya mshazari ubavuni, wengine ni wa kahawia au karibu weusi, ingawa wote ni wa aina moja. Ngozi yake ni laini, haina manyoya. Viwavi wanaowasha ni wale wenye manyoya au miiba, na huyu hana silaha hiyo. Pembe yake haichomi wala haina sumu. Mtoto anaweza kumshika asipate madhara.

Sura ya tatu ndiyo inayowashangaza wanaolima. Kiwavi aliyeshiba hushuka ardhini, hujichimbia na kugeuka bundo, yaani ile hatua ya kulala kabla ya kuota mabawa. Jembe likimfukua, linatoka dude gumu la rangi ya kahawia nyekundu, la sentimita 5 au 6, lenye kitu kilichopinda upande wa kichwani mfano wa mkono wa birika. Mkono huo ni ala ya mrija wa kunyonyea, mrefu mno kuweza kulala ndani ya mwili wenyewe.

Nondo anayetoka humo ni sura ya nne. Mabawa yakitandazwa hufika sentimita 8 hadi 10 na ushei. Kwa juu ni ya kijivu chenye mawimbi meusi, hivi kwamba akitulia mchana kwenye gome au nguzo, mtu hupita bila kumwona. Akishtuliwa, tumbo huonyesha mikanda ya waridi na nyeusi ubavuni, imetenganishwa na mstari wa kijivu mgongoni. Magharibi ikiingia, hutetemesha misuli ya kifua mpaka ipate joto, kisha hupaa. Mrija wake ukikunjuliwa hufika karibu sentimita 10, takriban mara mbili ya urefu wa mwili. Mrija huo ndio msingi wa hoja zote za kumtetea.

Anachokula na anakoishi

Kiwavi ni mpenzi wa mimea ya jamii ya viazi vitamu. Hula majani ya viazi vyenyewe, majani ya mitambazi ya porini yenye maua ya tarumbeta, na yale ya mtambazi wa zambarau unaofunika mchanga wa fukwe za Bahari ya Hindi. Akizidi idadi huhamia pia kwenye mikunde: kunde, choroko na maharage. Hagusi mahindi, mtama wala mpunga. Kwa hiyo anayemkuta karibu na shamba la mahindi hana sababu ya kuhofia mahindi yake.

Nondo mwenyewe hali majani kabisa. Chakula chake ni maji matamu ya maua, hasa maua meupe au yaliyopauka, yanayofunguka jioni na kutoa harufu nzito. Kwa maneno mengine, mdudu huyu ana meza mbili. Ya utotoni iko shambani, mchana, machoni pa mkulima. Ya utu uzima iko gizani, mara nyingi mbali na hapo alipozaliwa.

Umbali huo ni mkubwa. Nondo wa matembele yupo karibu Afrika nzima, kusini mwa Ulaya, Asia mpaka Japani, Australia, New Zealand na visiwa vingi vya Pasifiki. Katika mabara ya Amerika hayupo. Huko yupo ndugu yake, Agrius cingulata, mwenye tabia zinazofanana. Kila kiangazi cha Ulaya nondo hawa huruka kutoka Afrika na nchi za kusini kuelekea kaskazini, na baadhi wamewahi kuonekana hata Iceland, ingawa hawawezi kustahimili majira ya baridi ya huko. Mdudu anayevuka bahari hawezi kumalizwa kwa kupiga dawa shamba moja, na mwenye shamba moja hawezi kudai kwamba nondo aliowaachia ni wake. Hoja hii ya pili itarudi mbele.

Mkanganyiko umetoka wapi

Sababu ya kwanza ni kwamba watu wengi hawajui kuwa kiwavi na nondo ni mnyama mmoja. Kati ya sura hizo mbili kuna wiki kadhaa chini ya udongo, ambako hakuna anayeona. Kiwavi hulaumiwa mchana na nondo hufanya kazi usiku. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mdudu huyu kibaya kweli hujitembeza, kipo juu ya jani kwa kila mwenye macho. Chema chake kinafanyika gizani na hakina wa kukinadi.

Sababu ya pili ni viwavijeshi vamizi. Waligunduliwa Afrika Magharibi mwaka 2016, na kufikia 2017 walikuwa wameshaingia Kenya, Uganda na Tanzania na kushambulia mahindi vikali. Matangazo ya redio, mabango na mikutano ya wakulima viliwafundisha watu kuogopa kiwavi, na lilikuwa fundisho la lazima. Lakini hofu ilienea kwa viwavi wote. Kuwatofautisha hawa wawili si kazi ngumu. Kiwavijeshi vamizi ana urefu wa sentimita 3 hadi 4, ana alama ya Y iliyopinduliwa usoni, madoa manne yaliyopangwa mraba karibu na mkia, na hana pembe. Kiwavi wa matembele ana pembe na akikomaa humzidi mwenzake zaidi ya mara mbili.

Sababu ya tatu ni namna elimu ya kilimo inavyogawanywa. Anayefundisha viazi vitamu humtaja mdudu huyu kwenye orodha ya waharibifu. Anayefundisha matunda humtaja, kama akimtaja, kwenye orodha ya wachavushaji. Mkulima mwenye viazi upande huu na mipapai upande ule hupewa karatasi mbili zinazopingana, na hakuna anayezisoma pamoja naye.

Msimamo wa kwanza: ni mharibifu, auawe

Wanaoshika msimamo huu wana sababu za kweli. Kiwavi wa siku za mwisho ni mlaji mkubwa: sehemu kubwa ya majani anayokula maishani huliwa katika siku chache kabla hajashuka ardhini. Wakiwa wengi huacha vikonyo na mashina matupu. Marando yaliyopandwa karibuni, yenye majani machache, hupata pigo ambalo viazi huonyesha wakati wa kuvuna. Mwenye kitalu cha marando ya kuuza ana hasara ya moja kwa moja, na mwanamke anayeuza matembele sokoni ana hasara zaidi, kwa kuwa kiwavi anakula bidhaa yenyewe. Hakuna mnunuzi anayelipia fungu lenye matundu.

Mazao hayo yamepanda thamani pia. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilitolewa kwa watafiti wanne, watatu wao kwa kazi ya viazi vitamu vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A: Maria Andrade, Jan Low na Robert Mwanga wa Uganda. Shamba linalolisha watoto wenye upungufu wa vitamini halipaswi kuachwa likiliwa kwa jina la mazingira.

Udhaifu wa msimamo huu uko kwenye tiba inayopendekezwa zaidi, yaani dawa kali ya kuua wadudu wote. Kwanza, mara nyingi hupigwa imechelewa. Kiwavi huonekana akiwa mkubwa, na akiwa mkubwa amebakiza siku chache ajichimbie mwenyewe. Fedha inatumika kumwua mdudu aliyekwisha kula. Pili, dawa hiyo huwaua nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai yake na nzi wanaotaga juu ya viwavi, ambao ndio walinzi wa bure wa shamba. Wakifa hao, kizazi kinachofuata cha viwavi hukuta uwanja mtupu.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, jani lililopuliziwa ni mboga. Dawa nyingi zina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na siku hizo zimeandikwa kwenye lebo. Lakini matembele huchumwa jioni yoyote mboga inapohitajika, mara nyingi na mtoto aliyetumwa asiyejua bomba lilipita lini. Dawa iliyonunuliwa kwa ajili ya viwavijeshi wa mahindi, ikamwagwa kwenye matembele kwa kuwa kopo lilibaki, huishia kwenye sahani ya mwenye shamba mwenyewe.

Tena, kati ya maadui wa viazi vitamu Afrika Mashariki, kiwavi huyu hashiki nafasi ya mbele. Adui mkuu ni fukusi, anayetoboa kiazi chenyewe ardhini na kukiacha kichungu, kisichoweza kuliwa wala kuuzwa. Kiwavi huonekana kwa urahisi na fukusi hujificha, na hivyo fedha na hasira huenda kwa anayeonekana.

Msimamo wa pili: ni mchavushaji, aachwe

Msimamo huu umesimama juu ya ule mrija. Maua yenye neli ndefu na nyembamba huweka mbochi, yaani yale maji matamu, chini kabisa, ambako nyuki na nzi hawafiki. Charles Darwin aliliona jambo hilo mwaka 1862 alipochunguza okidi ya Madagaska yenye neli ya takriban sentimita 30. Alitabiri kwamba lazima yupo nondo mwenye mrija wa urefu huo, na nondo wa familia hii hii aliyelingana na utabiri alipewa jina na Rothschild na Jordan mwaka 1903.

Afrika Mashariki ina mfano wake. Dino Martins, mtaalamu wa wadudu wa Kenya, na Steven Johnson wa Afrika Kusini walionyesha mwaka 2007 kwamba okidi nyeupe za Kenya za kundi la Aerangis, pamoja na Rangaeris amaniensis, iliyopewa jina la Amani katika milima ya Usambara, huchavushwa na nondo wa matembele na wenzake wachache wenye mrija mrefu. Kuna kundi zima la mimea ya Afrika, mayungiyungi ya porini yakiwemo, ambalo uzazi wake unamtegemea yeye zaidi ya mdudu mwingine yeyote.

Kwa mkulima, mfano ulio karibu ni mpapai. Mipapai ya kienyeji ina dume na jike. Dume huning'iniza vishada vya maua madogo yenye mbochi. Jike lina ua kubwa zaidi lililokaa karibu na shina, nalo halina mbochi kabisa. Jua likishazama, nondo wa familia hii hufika kwenye dume, husimama hewani kwa sekunde chache mbele ya kila ua, hunyonya, na chavua humshika usoni na kwenye mrija. Kisha hujaribu bahati kwenye jike, akidhani ni ua kama yale mengine. Haambulii kitu, lakini chavua imeshafika. Papai linaloliwa asubuhi limetokana na kosa la usiku la nondo mwenye njaa.

Utafiti wa Martins na Johnson nchini Kenya, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba nondo hawa ndio wachavushaji wakuu wa mipapai ya mashambani, na kwamba umbali na ubora wa uoto wa asili ulio jirani huathiri ujio wao. Wakulima wanaokata mipapai dume kwa kuwa haizai, na kufyeka vichaka vya mpakani kwa kuwa havina faida, hujinyima mazao kwa mikono yao wenyewe.

Hata hivyo msimamo huu nao una mapengo. La kwanza, mpapai haumtegemei nondo wa matembele peke yake. Neli ya ua lake ni fupi, na nondo wengine wa familia hiyo, kama Hippotion celerio, hufanya kazi ile ile. La pili, mipapai mingi ya kisasa ya biashara ina maua yenye jinsia zote mbili na hujichavusha. Mwenye shamba la aina hiyo hana deni kubwa kwa nondo. La tatu, nondo hachagui mmea mwema. Hunywa pia kwenye mnanaha, magugu yenye sumu, na huko Afrika Kusini huchavusha yungiyungi la kigeni kutoka Taiwan linalovamia maeneo ya asili.

La nne linahusu haki. Mwenye marando ndiye anayelisha kiwavi, lakini nondo huruka kwenda kuhudumia mpapai wa jirani, okidi ya msituni, au ua la nchi nyingine. Hasara ni ya mtu mmoja na faida ni ya wengi. Kumwambia mkulima mdogo avumilie kwa ajili ya wote, bila kumwonyesha kwamba uvumilivu huo hautampunguzia chakula, ni kumtwisha mzigo usio wake.

Msimamo wa tatu: ahesabiwe, na mkono utangulie dawa

Kati ya misimamo hiyo miwili upo wa tatu, unaopendekezwa kwenye miongozo mingi ya viazi vitamu ya kanda hii. Unasema kwamba katika misimu mingi hakuna haja ya kupambana na kiwavi huyu, na haja ikiwepo, mkono unatosha. Kagua majani ya juu na ya chini, okota viwavi wakiwa wadogo, na lima shamba baada ya mavuno ili mabundo yafukuliwe, yaliwe na ndege na kuku au yakauke juani.

Njia hii ina historia ndefu. Wamaori wa New Zealand, ambao viazi vitamu vilikuwa zao lao kuu, walimjua nondo huyu na kumpa jina lake. Waliokota viwavi kwa mkono na hata kufuga shakwe ili wawale ndani ya mashamba. Katika Kalahari, Wasan wamewafanya viwavi hawa kuwa kitoweo: huminywa matumbo yakatoka, kisha huchomwa. Jamii hizo mbili zilipata njia ya kuishi na mdudu huyu bila kopo la sumu.

Nguvu ya msimamo huu inatokana na tabia ya mmea wenyewe. Kiazi kitamu ni mmea mvumilivu. Kikishatambaa na kufunika tuta, huweza kupoteza majani mengi na kuyarudisha. Ushahidi upo jikoni: familia inachuma matembele wiki baada ya wiki na bado inavuna viazi. Viwavi wachache kwenye shamba lililofunga hawachukui zaidi ya mikono ya familia hiyo.

Udhaifu wake ni jasho. Kuokota viwavi kwenye bustani ya robo ekari ni kazi ya dakika chache wakati wa kuchuma mboga. Kwenye ekari tano ni kazi ya siku nzima, na mara nyingi humwangukia mwanamke ambaye tayari ana maji ya kuteka na chakula cha kupika. Njia hii pia inahitaji jicho linalorudi shambani mara kwa mara, kwa maana mlipuko haungoji. Viwavi wakishakuwa mamia, wosia wa kuokota kwa mkono hautoshi. Hapo ipo dawa ya bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis, ambayo hulenga viwavi na kuwaacha nyuki na nyigu. Nayo ina masharti: lazima iliwe na kiwavi akiwa bado mdogo, huisha nguvu haraka juani, na haipatikani kila duka la pembejeo. Tena haimtofautishi kiwavi huyu na kiwavi wa kipepeo mwingine yeyote anayekula jani hilo.

Kuipima mizani

Misimamo hiyo ikiwekwa pamoja, inaonekana kwamba wabishi hawazungumzii shamba moja. Anayetaka dawa anafikiria kitalu cha marando kilichobaki vijiti. Anayetaka nondo aachwe anafikiria mpapai na okidi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama mdudu huyu ni adui au rafiki, ni lazima yaulizwe maswali matatu: shamba hili linazalisha nini, mmea una umri gani, na viwavi ni wangapi?

Shamba la viazi lililokwisha kufunga matuta, lenye viwavi wa kuhesabika kwa vidole, halihitaji lolote. Hasara ni ndogo kuliko bei ya dawa, na faida ya nondo inabaki. Hapa msimamo wa pili unashinda wazi, na mkulima hapotezi chakula kwa kuufuata.

Bustani ya matembele ya nyumbani au ya kuuza inahitaji mkono. Jani ndilo zao, hivyo kiwavi hawezi kuachwa afanye atakavyo. Lakini jani hilo hilo huliwa na watu baada ya saa chache, na hiyo ndiyo sababu ya kutosha ya kuiweka sumu mbali. Anayechuma ndiye anayeokota. Kazi mbili zinafanyika kwa mwendo mmoja. Viwavi walioondolewa wanaweza kupewa kuku, au kupelekwa kwenye mitambazi ya porini kando ya shamba wakamalizie ukuaji wao huko. Chaguo hili la mwisho halimgharimu mtu chochote, na linamlipa mwenye mpapai.

Kitalu cha marando machanga, au mikunde iliyovamiwa na kundi kubwa, ni hali ya tatu. Hapo mkulima ana haki ya kujikinga, na dawa ya bakteria ikipatikana itangulie zile kali. Dawa kali ikilazimika, ipigwe kwenye eneo lililoshambuliwa, lebo isomwe na kila mtu wa nyumba hiyo aambiwe siku ambayo majani yataruhusiwa kuchumwa tena. Ushauri wa bwana shamba au bibi shamba una thamani zaidi hapa kuliko mahali pengine pote.

Kuna jambo moja linalowafaa wakulima wote bila kujali wanasimama wapi: kuacha ukanda wa mimea ya asili mpakani. Ukanda huo hulisha kiwavi nje ya shamba, huwapa makazi nyigu na nzi wanaompunguza, na humpa nondo maua ya kunyonya. Gharama yake ni hatua chache za ardhi na uvumilivu wa kutofyeka. Kwa mwenye robo ekari hiyo ni gharama ya kweli, isipuuzwe. Hata hivyo mitambazi juu ya ua wa nyumba au kando ya mfereji inatosha kuanza.

Kwa muhtasari

Kiwavi mwenye pembe kwenye matembele si kiwavijeshi, hana sumu, na hawezi kumdhuru anayemshika. Ni utoto wa nondo wa kijivu mwenye mrija mrefu, anayeishi kuanzia Afrika hadi New Zealand, anayekula majani ya viazi vitamu na ndugu zake akiwa mdogo na kunywa kwenye maua ya usiku akiwa mkubwa. Wanaomwona mharibifu wanasema kweli kuhusu marando machanga na soko la mboga, lakini wanakosea wanapoharakia sumu inayochelewa kumwua yeye na kuwahi kufika mezani. Wanaomwona mchavushaji wanasema kweli kuhusu okidi na mipapai ya kienyeji, lakini wanasahau kwamba si kila papai linamhitaji na kwamba anayelipa gharama ni mwenye shamba. Wanaotaka ahesabiwe na kuokotwa wana njia inayofaa mashamba mengi madogo, alimradi jasho la anayeokota lihesabiwe pia.

Uamuzi unaofaa haufanani kila mahali, lakini mpangilio wake ni ule ule: tambua ni nani, hesabu ni wangapi, tazama umri wa mmea, tanguliza mkono, na sumu ije mwisho. Mkulima anayeinua tawi la matembele jioni hii ameshika uamuzi huo kiganjani. Akimhamishia kiwavi mmoja kwenye mtambazi wa mpakani, mboga yake inabaki salama, na baada ya wiki kadhaa huenda nondo aliyetoka huko akasimama hewani mbele ya mpapai wake, gizani, akiwa na chavua usoni.